Waridi la Nyuma ya Choo

Mimi sina kinyaa. Uliza mtu yeyote kuanzia bandarini Rubona hadi huku kwetu Mbugangari, atakuambia: Bahizi ana tumbo la chuma. Nilipokuwa mwaka wa pili sekondari, choo cha bweni kiliziba wiki ya mitihani. Wakubwa wakakimbia, mwalimu wa nidhamu akajiziba pua kwa tai yake mwenyewe, mimi nikaingia na mpini wa jembe, nikatoka napiga mluzi. Mama yangu, Donatha, anauza samaki Rubona. Nilianza kutoa matumbo ya samaki kabla sijajua kuandika jina langu. Mwaka jana nilimtoa panya aliyefura kwenye pipa la maji, kwa mkono huu huu wa kulia, nikanawa kidogo, nikaendelea na muhogo wangu. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba Bahizi anaweza kushindwa na kijiti cha ua kilichokaa ndani ya chupa, mimi nacheka.

Nilicheka kweli. Nilicheka kwa muda wa wiki mbili hivi.

Vijiti vyenyewe vililetwa na shangazi Gatesi, dada yake baba, ambaye ninaishi kwake katika chumba cha nyuma, nikitengeneza simu za watu na kungoja kazi ya maana. Anataka aitwe shangazi, si tantine kama tunavyosema huku. Tantine, anasema, ni jina la mwenye baa. Alizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, akarudi Rwanda akiwa mama mzima, na Kiswahili chake mpaka leo kinatembea na viatu vilivyopigwa rangi. Chetu cha huku ziwani kinavaa ndala.

Mwezi wa pili alikwenda Kayanga, hukohuko Karagwe, kwa basi. Nyumba ya bibi yangu Mutoni, Mungu amrehemu, ilikuwa imeuzwa, na mnunuzi alitaka kujenga ghala. Shangazi hakwenda kuchukua kitanda wala sufuria. Alirudi siku ya nne, miguu imemvimba, na mapajani amepakata kifurushi cha magome ya migomba kilicholowa, amekishika kama mtoto aliyetoka kuchanjwa. Ndani mlikuwa na vijiti vitatu, vyembamba kama penseli, vyenye miiba.

"Waridi la bibi yako," akasema. "Jeupe, na katikati kabisa lina wekundu kidogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Naondoka, trekta liko getini. Jioni wakanipigia simu, hakuna hata mzizi uliobaki. Umesikia, Bahizi? Duniani kote waridi lile limebaki hapa, kwenye hiki kifurushi."

"Shangazi, si ni maua tu? Pale njia ya hoteli yako mengi."

Alinitazama mpaka nikaanza kupangusa meza ambayo haikuwa na vumbi.

Sasa lazima niwaambie kuhusu wale watu wake. Shangazi ni mwanachama wa kikundi kinachoitwa Mikono ya Udongo, watu kumi na mmoja wenye bustani za nyumbani, ambao kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya ibada, hukutana uani kwa mmoja wao kubadilishana vipandikizi. Hakuna kuuza. Unakuja na kimoja, unaondoka na kimoja. Lakini huwezi kutoa kijiti hivihivi. Unasimama, unakishika, unataja ukoo wake: kilitoka kwa nani, aliyekipata kwa nani, aliyekipata kwa nani. Wote wanarudia kwa sauti kama watoto wa katekisimu, ili usisahaulike, maana karatasi, wanasema, huliwa na mchwa. Na aliyetajwa, kama yupo, lazima aitike: "Ni mimi." Halafu mpokeaji hasemi asante. Anasema atakipanda wapi. Basi.

Mara ya kwanza kusikia ukoo wa begonia nilicheka mpaka nikatolewa nje. Begonia ilikuwa na mababu sita. Mimi mwenyewe nawajua wawili.

Na uchafu wao! Kila mmoja ana dawa yake ya kuotesha mizizi, na kila dawa ni kesi ya mahakamani. Mzee Phocas, aliyekuwa fundi wa injini za boti, huitafuna ncha ya kijiti, huikoroga mdomoni na mate na mabaki ya chakula, kisha huitema kwenye kiganja na kukupa. Ukipokea, bado ina joto. Saidati, anayetoka ng'ambo ya mpaka, Goma, huviloweka vyake kwenye maji yaliyooshea sambaza, vile visamaki vya ziwani, siku tatu, juani. Naye afande Gakwaya, mwanajeshi mstaafu, mtu wa pasi na saluti, ana chupa ya bia iliyojaa mkojo wa ng'ombe. Chupa hiyo hukaa kwenye friji. Kando ya maziwa. Siku moja nilikaribishwa kwake, nikapewa maziwa.

Hata hapo sikutapika. Nilisogeza kiti tu.

Bingwa wao wote ni mama Kankindi, jirani yetu wa nyuma, anayetenganishwa nasi na ukuta wa mawe meusi unaofika kifuani. Ni mjane wa mvuvi, alikuja mjini kutoka Nyamyumba zamani, mfupi, mkavu, maneno yake unaweza kuyahesabu. Yeye hana dawa. Hukata, huchomeka, huondoka, na kitu kinaota. Nyuma ya choo chake, choo cha shimo cha mabati, kuna waridi lililopanda mpaka likamwaga matawi juu ya paa, majani meusi kwa shibe. Kila mtu mtaani anajua linashiba nini.

Siku moja nilimtania kutoka upande wetu wa ukuta. "Mama Kankindi, hii roza yako iko nakula nini?"

Hakuinua hata kichwa. "Inakulaka chakula yako, mwanangu. Ila yenyewe inangojaka kwanza ipite mu tumbo."

Tangu siku hiyo nilikuwa nikilipita waridi lile nimefunga mdomo.

Bon. Shangazi aliviweka vijiti vyake vitatu kwenye chupa ya kioo iliyokuwa ya mayonezi, akaizungushia gazeti ili mwanga usiguse maji, akaipanga kwenye dirisha la stoo. Hakuwa amemaliza wiki, simu ikatoka Kigali: binti yake, Belise, amejifungua kwa kupasuliwa, anahitaji mama. Mwezi mzima.

Usiku huohuo akaniita stoo.

"Kila siku ya pili unamwaga maji," akasema. "Unakitoa kijiti kimoja kimoja. Kutatoka ute pale chini, kama makamasi. Unaupangusa kwa vidole, taratibu, kama unamsafisha mtoto masikio. Ukiuacha, unapanda. Unaoza kwenda juu."

"Shangazi, mimi niogope ute? Mimi, mtoto wa Donatha?"

"Sikusema uogope. Nimesema upanguse." Akavigusa kimoja kimoja kwa kidole. "Hiki changu. Hiki cha Belise, akapande kwake Kigali. Na hiki cha tatu nitampa mama Kankindi kwenye kikundi. Mikononi mwake hata mwiko unaota. Langu likifa, la Belise likifa, la kwake litabaki. Mama yangu hatakuwa amepotea."

"Nenda kwa amani. Utavikuta vina wajukuu."

Siku ya pili nikamwaga maji, nikajaza mapya. Siku ya nne nikaingiza vidole kama nilivyoagizwa.

Sikilizeni. Matumbo ya samaki nayajua. Ni kitu cha wazi: kina damu, kina harufu, kinakuambia mimi ni tumbo, wewe unakubali. Lakini ule ute haukuwa wa mnyama wala wa mtu. Ulikuwa baridi. Ulikuwa umeshika ncha ya kijiti kama kamasi la mzee lisilotaka kuanguka, na nilipouvuta ulivutika, ukarefuka, ukakatika, halafu kipande kikarudi chenyewe kikajikunja kwenye ukucha wangu. Mwili ukanisisimka kuanzia kisigino. Nikavirudisha vijiti, nikanawa kwa sabuni ya unga, nikanawa kwa limau, nikanusa vidole, nikanawa tena. Mchana sikula kwa mkono. Nilitumia kijiko kula ubugari, ugali wetu wa muhogo, watu wa mgahawa wakadhani nimepata kazi kwenye shirika.

Nikajipa ushauri wa kitaalamu: mmea ukisumbuliwa sana unakasirika. Siku ya sita nilikuwa na simu nyingi za kutengeneza. Siku ya nane kulikuwa na mpira. Siku ya kumi nilifungua mlango wa stoo, nikaiona chupa imejifunika gazeti lake kwa heshima, majani ya juu bado kijani, nikasema, si unaona? Hawa wanajitegemea. Kila shangazi alipopiga simu nilimwambia mambo ni sawa, na yeye alisema, "Najua uko nao." Uko nao. Kama vile ni wagonjwa watatu wodini.

Siku ya kumi na sita, Jumatano asubuhi, nikasikia harufu.

Nilifurahi. Nilidhani ni panya, na panya ni fani yangu. Nikaingia stoo nikasogeza magunia ya makaa, nikapekua nyuma ya viazi, naimba. Hakuna panya. Harufu ilikuwa inatoka juu. Nikaichukua ile chupa, nikaivua gazeti.

Maji yalikuwa yamegeuka mchuzi. Rangi ya chai ya jana iliyotiwa maziwa mabovu. Juu yake palikuwa na ngozi, ngozi kabisa, ya kijivu, imekunjamana, na chini ya ngozi viluwiluwi vya mbu vilikuwa vinajipindapinda, vinapanda vinashuka, mamia, kama herufi zinazotafuta neno. Vijiti vilikuwa vimevimba upande wa chini, vyeusi, vimevaa ukungu mweupe wenye manyoya, na ganda la kimoja lilikuwa limechomoka na kubaki likielea lenyewe, tupu, kama soksi. Nikaitikisa kidogo tu, nione. Ile ngozi ikapasuka. Ikatoa pumzi.

Jamani, ilitoa pumzi usoni kwangu.

Nilitapika ndani ya karai la shangazi la kufulia. Nikatapika chai, nikatapika andazi, nikatapika na ile sifa yangu yote kuanzia Rubona hadi Mbugangari. Nilipodhani nimemaliza nikatazama chupa, kiluwiluwi kimoja kikapinda, nikaanza upya. Kisha nikavuta fulana mpaka puani, nikaishika chupa kwa vidole viwili, mkono umenyooka, uso nimeugeuzia upande wa Kongo, nikatoka uani mbio, nikaufikia ule ukuta wa mawe, nikafumba macho na kukung'uta kila kitu ng'ambo: maji, ngozi, mbu, vijiti. Sikuviangalia. Sikuangalia kama vyote vimeoza au nusu. Nilitaka viache kuwepo.

Nilisimama pale napumua. Hewa ya ziwa ikanipiga, nikajisikia mtu tena. Ndipo nikakumbuka kwamba nimemtupa bibi yangu.

Mtu mwenye akili angepiga simu Kigali. Mtu mwenye akili kidogo angeruka ukuta avitafute. Mimi niliinua macho, nikaona, hatua nne kutoka ukutani, tawi la waridi lililoning'inia juu ya paa la choo cha mama Kankindi. Miiba ileile. Majani yaleyale. Penseli hata thelathini za kuchagua.

Nikachungulia. Ua wa Kankindi kimya, mlango wa nyumba umefungwa, mlango wa choo nao umerudishwa. Nikaruka na kisu cha jikoni. Udongo wa pale nyuma ya choo si udongo. Ni laini, una joto lake, unakupokea. Mguu wa kulia ukazama mpaka kwenye kifundo, nikauchomoa, ndala ikabaki. Ikabidi niifuate kwa mkono. Sitaelezea. Nilikata vijiti vitatu huku nalia machozi yasiyo na huzuni yoyote, na wakati nakata cha tatu nikasikia kikohozi kifupi, karibu sana, kikavu.

Nikajiambia ni mbuzi. Mama Kankindi hana mbuzi, lakini muda ule sikutaka kuchunguza.

Niliichemsha ile chupa mara mbili, nikavichomeka vijiti vipya, nikavivika gazeti jipya. Na kuanzia siku hiyo, ndugu zangu, nilikuwa muuguzi. Kila siku, si kila siku ya pili, nilimwaga maji, nikavitoa kimoja kimoja, nikapangusa. Ute ulipotokea niliupangusa kwa vidole vyangu, meno nimeyauma, tumbo linapanda mpaka kooni na mimi nalimeza lirudi. Najua vilikotoka. Kila tone lililonirukia midomoni nilijua limekula nini. Na vikaota! Wiki ya pili vikatoa uvimbe mweupe pale chini, wiki iliyofuata vikatoa mizizi, myeupe, minyofu, kama tambi. Nilipoiona ile mizizi nilifurahi, kabisa, nikataka kumwita mtu aje aone. Halafu nikakumbuka, na furaha ikageuka kitu cha kutema.

Shangazi alirudi Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, alasiri, maana asubuhi watu wote wako na majembe barabarani na mabasi hayatembei. Hakuvua hata kitenge cha safari. Alikwenda moja kwa moja stoo, akavua gazeti, akainua chupa kwenye mwanga.

Aliihesabu mizizi, mmoja mmoja. Kisha akayasogeza majani mdomoni akayabusu. Akayabusu, moja, la pili, akalipitisha lile la tatu shavuni, macho amefumba. "Mama," akaliambia. "Mama, karibu kwangu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ule mchuzi wa siku ya kumi na sita ulikuwa na harufu, na harufu huondoka ukifungua dirisha. Hiki nilichokiona hakikuwa na dirisha. Midomo ya shangazi yangu, mtu anayeosha kikombe kabla ya kukitumia na baada, juu ya majani yaliyonenepa kwa haja za Kankindi, na anayaita mama. Nikafungua mdomo nimwambie. Naapa niliufungua.

"Shangazi," nikasema, "nikuchemshie chai?"

Akanishika mkono wangu wa kulia, akaugeuza, akautazama kiganja. "Una mkono wa bibi yako," akasema. "Baba yako hakuupata. Mimi sikuupata sana. Umeruka umekuja kwako."

Nilikwenda kuchemsha chai, na nilipofika jikoni nikaegemea ukuta, sikuweza hata kuinusa.

Kesho yake kikundi kikaja kwetu. Wakapanga viti uani, Saidati na ndoo yake ya maji ya sambaza, afande Gakwaya na chupa yake imefutwa vizuri kama ya divai, mzee Phocas tayari anatafuna kitu. Mama Kankindi aliingia wa mwisho na kikapu kilichofunikwa kitambaa, akakaa kiti cha pembeni, kikapu kati ya miguu. Alinisalimia. Hiyo ndiyo iliyonishtua: hunisalimia mara moja kwa mwaka.

"Mwanangu, tumbo yako sasa?" akaniuliza.

"Tumbo? Iko muzuri, mama. Iko fiti."

"Aa. Bon."

Phocas alitoa shina la geranium likiwa na mate, likatajwa ukoo, likapokelewa na Saidati kwa kiganja kilichokunjuliwa. Gakwaya akatoa lake. Mimi nilikuwa nagawa fanta na kutafuta sababu ya kwenda dukani. Ndipo shangazi akasimama. Alikuwa amevaa mshanana, vazi lake la harusi na misiba, na mikononi kopo la maziwa ya unga lenye udongo mweusi wa mlima na kile kijiti cha tatu.

"Hili ni waridi la Mutoni, wa Kayanga," akaanza. "Alipewa na mtawa wa misheni mwaka alioolewa. Mutoni alilipanda dirishani, akazaa watoto saba akilitazama. Kutoka kwa Mutoni limekuja kwa Gatesi."

"Kutoka kwa Mutoni limekuja kwa Gatesi," wote wakarudia.

"Ni mimi," shangazi akajiitikia. "Na Gatesi alipokuwa mbali, liliokolewa na kuoteshwa na Bahizi."

"Liliokolewa na kuoteshwa na Bahizi!" wakarudia, na Phocas akapiga kofi moja la furaha. Wakanigeukia.

Fanta ilikuwa imenijaa mikononi. "Ni mimi," nikasema.

Shangazi akatembea mpaka kwa Kankindi, akapiga goti kidogo, akampa kopo kwa mikono miwili. "Likifa kwangu, mama, likifa kwa Belise, liwe hai kwako."

Kankindi akalipokea. Akaliweka magotini, akashika jani kwa vidole viwili, akaligeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye miiba, polepole, kama mtu anayehesabu rozari. Akainama akalinusa. Sasa alitakiwa kusema atalipanda wapi.

"Nitaipanda nyuma ya choo," akasema. "Kando ya mama yake."

Phocas akacheka. "Ayiwe, Kankindi! Leo na we umeleta muzaha?"

Kankindi hakucheka. Alilitua kopo chini, akaondoa kitambaa kwenye kikapu, akatoa kikombe cha bati kilichochakaa. Ndani, katika udongo, kulikuwa na kipande cha kijiti kisichozidi kidole changu cha mwisho, kimekatwa chini na juu, kikavu, na ubavuni mwake palikuwa na jicho moja jekundu la kuchipua lililofumbuka, dogo kama kichwa cha kiberiti.

"Mi pia niko na yangu ya kuleta," akasema, akasimama. Ilimchukua muda kusimama. "Ukoo yake ni hii. Mutoni wa Kayanga alimupa Gatesi."

Watu wakatazamana. Lakini desturi ni desturi. "Mutoni wa Kayanga alimupa Gatesi," wakasema, kwa sauti ya chini.

Shangazi alikuwa bado amepiga goti. "Ni mimi," akasema, na macho yake yalikuwa kwenye lile jicho jekundu, hayatoki.

"Gatesi alimuachia Bahizi. Bahizi akaiachilia ioze, akaitupa juu ya ukuta, siku ya mercredi asubuhi, na maji yake. Maji iliingia mu choo. Mi nilikuwa mu choo." Alisema bila hasira, kama anayesoma bei ya sambaza. "Nilimuona kwa tundu ya bati. Alikata roza yangu, tatu, akatafuta ndala yake, akaenda. Nikatoka, nikaokota. Mbili zilikuwa zimekufa. Moja ilioza hapa," akaonyesha nusu ya kidole, "na hapa ilikuwa kijani. Mutu akiona ute anatupa yote. Ute unakatwaka tu. Nilikata, nikachomeka. Kankindi anamurudishia Gatesi." Akakinyoosha kile kikombe. "Rudieni."

Nilitazama mlango wa uani. Afande Gakwaya alikuwa ameketi mbele yake, amenyooka, chupa mapajani.

Sauti iliyoanza ilikuwa ya shangazi. Alikuwa amekwishakipokea kikombe, amekikumbatia kifuani, na alisema kila neno kwa Kiswahili chake chenye viatu, akinitazama mimi, si mtu mwingine.

"Gatesi alimwachia Bahizi. Bahizi akaliacha lioze, akalitupa juu ya ukuta."

"Bahizi akaliacha lioze," wakafuata wote, Saidati, Phocas, Gakwaya, mpaka wale ambao sijui majina yao, "akalitupa juu ya ukuta."

Wakanigeukia. Watu kumi na mmoja, na kijiti kimoja chenye jicho wazi, wakinisubiri niitike.